Nilimpeleka mama Giverny, nyumbani kwa mchoraji Claude Monet: siku moja, macho mawili

#1 Msafiri Mdogo (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Naomba mnivumilie, uzi ni mrefu. Sitaki kuandika juujuu jambo ambalo limenikaa moyoni tangu Julai.

Mama yangu alikuja kunitembelea Paris. Miezi mitano kabla ya safari alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kulia tu. La kushoto aligoma. Kila tukimbembeleza anajibu kwamba moja linamtosha, umri umekwenda, na kisu ni kisu. Wiki ya kwanza nikamzungusha kwenye makanisa, kwenye mnara, kando ya mto. Akawa anashukuru kwa adabu tu, namjua mama yangu. Ndipo jioni moja nikamwambia: mama, kesho nakupeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa na ugonjwa kama wako. Akauliza kama yuko hai. Nikamwambia amefariki tangu 1926. Akasema basi twende tukamsalimie.

Tuliondokea stesheni ya Saint-Lazare, treni zile zinazokwenda Rouen na Le Havre. Wakati tunasubiri nikamwonyesha paa la vioo juu ya reli, nikamweleza kwamba mwaka 1877 Monet alikuja hapo hapo na turubai zake akachora moshi wa treni chini ya paa hilo, si mara moja, mara kumi na mbili. Mama akatazama juu muda mrefu. Akauliza, "Alikuwa anachora treni au moshi?" Sijawahi kusikia mtu akiuliza swali zuri zaidi ya hilo kuhusu Monet, na mimi nimesoma sanaa miaka mitatu.

Unashuka kituo cha Vernon-Giverny, mwendo wa dakika hamsini hivi. Kutoka pale hadi kijijini ni kama kilomita tano. Kuna basi linalosubiri treni, kuna baiskeli za kukodi, na wenye miguu wanatembea. Basi la kwanza lilijaa likatuacha, tukakaa juani na mama karibu nusu saa. Anayesafiri na mzazi alijue hilo: shuka kwenye treni haraka, au subiri kidogo tu kwa amani, ila beba maji na kofia.

Njia ya baiskeli ya Vernon hadi Giverny imepita juu ya reli ya zamani iliyong'olewa. Reli hiyo ikumbukeni, nitairudia.

Nyumba yenyewe ni ndefu na nyembamba, ukuta wa waridi, madirisha yenye mbao za kijani. Monet alihamia hapo Aprili 1883 akiwa na miaka 42. Alikuwa mpangaji. Mkewe wa kwanza, Camille, alikuwa amefariki miaka minne nyuma akimwachia watoto wawili wa kiume, na sasa alikuwa anaishi na Alice Hoschedé mwenye watoto sita. Hesabu watu kumi chini ya paa moja, na baba wa nyumba anaishi kwa kukopa. Nyumba hakuinunua hadi 1890, picha zake zilipoanza kupata wanunuzi, wengi wao Marekani. Alikaa hapo miaka 43 mpaka akafa.

Mimi nilikuwa nimeshakwenda mara mbili kabla, na mara zote mbili nilikimbilia bwawani. Safari hii nilikwenda kwa mwendo wa mama, na nyumba ikanifungukia. Chumba cha kulia chakula ni cha njano, na si ukuta tu: makabati, viti, meza, vyote njano, za aina mbili. Ukutani picha zilizochapwa kwa mbao kutoka Japani zimepangwa kwa karibu, za Hokusai, Hiroshige, Utamaro. Alikusanya zaidi ya 200 na Japani kwenyewe hakuwahi kukanyaga. Ukitoka pale unaingia jikoni, na jiko lote ni bluu. Vigae bluu na vyeupe, sufuria za shaba zimetundikwa kuanzia kubwa hadi ndogo.

Mama akasimama mlangoni mwa jiko. Akaweka kiganja kwenye jicho la kushoto, akatazama vigae. Akahamisha kiganja kwenye jicho la kulia, akatazama tena. Akarudia mara tatu, watu wanampita. Kisha akaniambia polepole: "Hili la kulia linaniambia bluu. Hili la kushoto ni kama vigae vimeloweshwa kwenye chai ya rangi."

Nikashikwa na baridi, wakuu. Ndicho kilichompata mwenye nyumba. Bwawa nitaliandika baadaye, kuna mtu hapa jirani anahitaji chai yake.

#2 Bustani Yangu

Asante kwa uzi, dada. Mfikishie mama shikamoo yangu.

Wakati tunasubiri bwawa, niongezee kitu kwa wapenda mimea. Wengi wanadhani yungiyungi za rangi rangi, yale maua ya bwawani kwa Monet, zilikuwepo Ulaya siku zote. Hapana. Yungiyungi iliyoweza kustahimili baridi ya Ulaya ilikuwa nyeupe. Aliyeleta za waridi, njano na nyekundu ni mkulima mmoja wa kusini-magharibi mwa Ufaransa, Joseph Bory Latour-Marliac, aliyezichanganya na jamii za ng'ambo. Alizionyesha kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1889, yale yaliyojengewa mnara wa Eiffel. Miaka michache baadaye Monet akaagiza kwake. Kwa hiyo alipokuwa anachora yale maua, alikuwa anachora kitu kipya kabisa machoni pa watu wa zama zake, kama vile leo mtu achore ua ambalo jirani zake hawajawahi kuliona.

Ndiyo maana wanakijiji walimpinga alipoomba kibali cha kuchepusha maji ya kijito kwa ajili ya bwawa mwaka 1893. Walihofia mimea ya kigeni itatia sumu maji wanayofulia na kunyweshea mifugo. Huwa nawaelewa wale watu. Mimi nina kipande cha ardhi, na kama tajiri wa jirani angenichepushia kijito kwa ajili ya maua, ningekwenda kwa mwenyekiti asubuhi na mapema.

#3 Kalamu Nyeusi

Mleta uzi, umeandika vizuri na mama yako nampenda tayari. Lakini acha nitoe hoja yangu, na naitoa kwa nia njema.

Nilikwenda Giverny kwa hela niliyoidunduliza. Nilitaka kuona picha za Monet kwa macho yangu. Nilichokuta ni nakala. Sebule ile aliyoitumia kama studio ya kwanza imejaa nakala. Chumba cha kulala kimetundikwa nakala za wachoraji wenzake, Cézanne na Renoir. Hata studio kubwa aliyoijenga wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia kwa ajili ya zile picha kubwa za yungiyungi, leo ni duka la kumbukumbu. Na bustani nayo ilipandwa upya, ile ya mzee ilikufa. Sasa ndugu zangu, nimekwenda kuona nini? Picha hazimo, maua si yale, mwenyewe yuko kaburini. Nilirudi Paris nikiwa na huzuni ya kweli, na sijawahi kuisema popote mpaka leo.

Sisemi watu wasiende. Nasema waambiwe kabla.

#4 Msafiri Mdogo (mleta uzi)

Kalamu Nyeusi, nakushukuru. Hoja yako ni nzito na siifichi: katika nyumba ile hakuna picha halisi ya Monet iliyotundikwa ukutani. Atakayesoma uzi huu hadi hapa ameshaambiwa.

Historia yake ndiyo hii. Monet alipofariki Desemba 1926, nyumba ilibaki mikononi mwa Blanche, binti wa Alice, ambaye pia alikuwa mjane wa Jean, mtoto mkubwa wa Monet. Naye alikuwa mchoraji, na ndiye aliyemtunza mzee miaka ya mwisho. Blanche alifariki 1947, bustani ikaanza kurudi porini. Michel, mtoto wa mwisho wa Monet, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1966, akaacha wosia: nyumba iende kwa Akademia ya Sanaa ya Ufaransa, picha ziende Makumbusho ya Marmottan, Paris. Ndipo picha na nyumba zilipoachana. Mwaka 1977 akateuliwa Gérald van der Kemp, ambaye kabla ya hapo alilitunza kasri la Versailles, akakuta sakafu zimeoza, vioo vya studio vimepasuka, bwawa limejaa tope na panya wanatoboa kingo. Fedha nyingi za ukarabati zilitoka kwa wafadhili wa Marekani. Walifungua milango 1980.

Kwa hiyo unasema kweli, maua si yale. Lakini, ndugu yangu, ua gani lina miaka mia? Hata Monet mwenyewe maua aliyoyachora Julai hayakuwepo Oktoba. Bustani aliipanga kwa rangi, njano hapa, zambarau pale, kama anavyopanga rangi kwenye ubao wake, na mpangilio huo ulirudishwa kwa kufuata picha za kamera, barua na kumbukumbu za waliowahi kuiona. Mimi naona bustani ile ni kama wimbo. Mwimbaji wa kwanza kafariki, wimbo unaimbwa.

Huzuni yako lakini siipingi. Mtu akidunduliza hela anastahili kuona alichokifuata. Ulipaswa kuambiwa kwamba safari ya Giverny ina nusu mbili: nusu moja iko kijijini, nusu nyingine iko Paris. Nitafika huko.

Sasa bwawa.

Bwawa haliko kwenye uwanja wa nyumba. Kati yake na nyumba palipita reli, ndiyo ile niliyowaambia, na barabara. Monet akinunua kiwanja cha ng'ambo mwaka 1893 alilazimika kuvuka reli kila akitaka kwenda bwawani kwake. Leo unapita chini ya barabara kwa njia ya ngazi. Mama ana magoti, tulishuka kwa zamu: ngazi mbili, pumzi moja.

Ukitokea upande wa pili hewa inabadilika. Mianzi imesimama kama ukuta, maji yanasikika kabla hayajaonekana. Kisha mierebi, matawi yamelala mpaka yanagusa maji. Asubuhi ile mtunza bustani alikuwa ndani ya mashua bapa, ana wavu wa mpini mrefu, anaokota majani yaliyokufa moja baada ya jingine. Zamani za Monet kulikuwa na mtu wa kazi hiyo hiyo, akisafisha hata vumbi juu ya majani ya yungiyungi kabla mzee hajaanza kuchora. Vumbi lilitoka kwenye barabara ya udongo magari yakipita, na Monet alifika mahali pa kuchangia fedha zake barabara iwekwe lami.

Daraja ni la kijani. Tulifika juu yake, watu wamebanana, kila mmoja na simu yake. Mama hakutaka kupigwa picha. Alishika ukingo, akafunga jicho la kushoto, akatazama maji. Akafungua, akafunga la kulia. Safari hii alikaa kimya muda mrefu zaidi. Nilimsikia akisema, kama anaongea na maji, "Masikini baba wa watu."

Nyuma yetu kulikuwa na foleni. Mwanamke mmoja wa makamo, hatukujua lugha yake, alimwona mama na kiganja chake jichoni, akafanya ishara ya kuuliza: upasuaji? Mama akaitikia kwa kichwa. Yule mama akagusa macho yake mwenyewe, yote mawili, akanyoosha vidole viwili. Wakashikana mikono pale darajani kama watu waliokutana msibani.

#5 Tabibu wa Macho

Nimesoma huku nimesimama. Mimi ni muuguzi wa macho kwa miaka kumi na sita, na kisa hiki cha Monet huwa nawasimulia wagonjwa wanaogoma. Naomba nieleze kinachotokea, ili kila mtu aelewe mama wa mleta uzi aliona nini jikoni.

Ndani ya jicho kuna lenzi. Kijana ana lenzi angavu kama maji. Umri ukienda, lenzi inageuka njano, kisha hudhurungi, kisha ukungu. Lenzi ya njano inazuia mwanga wa bluu usipite. Kwa kuwa inakuja polepole kwa miaka, mgonjwa hajui, ubongo unazoea. Anadhani ukuta wake mweupe umechakaa, anadhani shuka hazifuliwi vizuri. "Chai ya rangi" ni maelezo sahihi kuliko yale tuliyofundishwa darasani.

Monet aliambiwa ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, mwaka 1912. Akakataa upasuaji kwa zaidi ya miaka kumi. Alikuwa anasoma majina kwenye tyubu za rangi ili asikosee, na alikuwa anazipanga rangi kwenye ubao kwa utaratibu ule ule kila siku ili mkono ujue hata kama jicho halijui. Kofia yake pana ya majani haikuwa mapambo, mwako wa jua ulikuwa unamuumiza. Fikiria: mtu ambaye rangi ndiyo maisha yake, anachora kwa kukariri.

Aliyemsukuma mpaka akakubali ni rafiki yake Georges Clemenceau, yule waziri mkuu wa Ufaransa wakati wa vita, ambaye kitaaluma alikuwa daktari. Upasuaji ulifanyika 1923 na Dokta Charles Coutela, jicho la kulia. La kushoto Monet aligoma mpaka kifo. Ndiyo, soma tena sentensi hiyo na umfikirie mama wa mleta uzi: kulia limefanywa, kushoto limegomewa.

Na enzi hizo lenzi ilitolewa bila kuwekewa nyingine. Lenzi bandia ya kwanza kuwekwa ndani ya jicho la binadamu ni ya mwaka 1949, London, kwa mkono wa Harold Ridley. Kwa hiyo Monet alibaki na miwani mizito, na kila kitu kikawa mara bluu kupita kiasi, mara njano kupita kiasi. Alikasirika, akaandika barua za uchungu kwa daktari. Miwani yenye vioo vya rangi ikamsaidia kidogo kidogo. Mama yako, mleta uzi, ana lenzi ndani ya jicho lake. Hayapitii hayo. Mwambie hivyo kutoka kwangu, tafadhali.

#6 Mtaa wa Tatu

Naomba msaada wa wenye uzoefu. Nina siku moja tu Paris mwezi Desemba, je, Giverny inafaa?

#7 Bustani Yangu

Desemba pamefungwa, mkuu. Wanafungua Aprili mosi na kufunga Novemba mosi, kila siku ya wiki. Aprili na mwanzo wa Mei ni tulipu, Mei maua ya wisteria juu ya daraja na irisi, Juni mawaridi kwenye yale matao ya chuma. Yungiyungi ni Julai na Agosti. Septemba kuna maua ya chungwa yanayotambaa mpaka yanafunika njia kuu ya kuingilia mlangoni, inabaki nafasi ya mguu mmoja. Mimi ningechagua Septemba, watu wamepungua. Kata tikiti mapema kwenye tovuti yao.

Wewe wa Desemba nenda makumbusho ya Orangerie, pale pale Paris. Soma atakachosema mleta uzi.

#8 Msafiri Mdogo (mleta uzi)

Tabibu, nimemsomea mama ujumbe wako wote. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo kwake si la kawaida. Akauliza tu: "Huyo Clemenceau alimsukuma vipi?" Nikamwambia kwa barua, kwa ziara, kwa kukasirika naye, kwa kumpenda. Akanyamaza.

Nimalizie siku yenyewe. Kutoka nyumbani kwa Monet, ukifuata barabara ya kijiji, unafika kanisa la Mtakatifu Radegonde. Kaburi la familia liko nje, limepandwa maua kama bustani ndogo. Alice yumo, aliyefariki 1911. Jean yumo, 1914. Monet alizika mke na mtoto ndani ya miaka mitatu, macho yanafifia, na ni katika kipindi hicho hicho alianza ile kazi kubwa ya yungiyungi. Inasimuliwa kwamba siku ya mazishi Clemenceau alilikuta jeneza limefunikwa kitambaa cheusi, akakataa, akakiondoa na kuweka kitambaa cha maua. Mama aliposikia hilo aliinama, akang'oa jani moja kavu kwenye ua lililokuwa pembeni ya kaburi, kama afanyavyo kwenye makaburi yetu.

Treni ya kurudi alilala begani kwangu.

Kesho yake nikampeleka Marmottan, mtaa wa 16 wa Paris. Kalamu Nyeusi, hii ndiyo nusu ya pili. Zile picha alizoziacha Michel ziko pale, ni mkusanyiko mkubwa kuliko wote duniani wa kazi za Monet. Ile ya machweo na bandari ambayo wengi wanaifahamu, *Impression, soleil levant* ya 1872, iko humo pia (nimeandika machweo, samahani, ni macheo). Ziko hata miwani zake.

Lakini mimi nilikuwa na shabaha moja. Kuna picha kadhaa za daraja la Japani alizochora kati ya 1918 na 1924. Daraja ni lile lile tulilosimama jana yake. Ila daraja halionekani. Ni moto. Nyekundu iliyoiva, hudhurungi, njano ya ugonjwa, rangi imerundikwa nene mpaka ina matuta. Anayezikuta bila kujua anadhani mzee alichanganyikiwa, na wapo waliosema hivyo.

Mama akasimama mbele ya moja. Sikumwambia kitu. Akafumba jicho la kushoto, akatikisa kichwa. Akafumba la kulia, akaangalia kwa jicho la chai. Akasogea. Akarudi nyuma hatua tatu. Kisha akanishika mkono, akanionyesha kwa kidole katikati ya ule moto: "Daraja hili hapa. Maji haya hapa. Ule mti unaoinama ndio huu." Akaniambia kwamba kwa jicho lile bovu picha inatulia, nyekundu inapungua ukali, na kilichochorwa kinaanza kujitokeza.

Sisemi kwamba mama amegundua jambo la kisayansi. Nasema niliyemleta kumwonyesha picha ndiye niliyeonyeshwa. Na nisingeliona hilo bila Giverny, kwa sababu tulikuwa na daraja la kijani kichwani, la jana tu, lenye harufu ya matope na mianzi. Ndugu Kalamu, hiyo ndiyo sababu naipenda ile nyumba isiyo na picha. Inakupa kipimo. Ukishasimama pale, unajua alipotoka nacho ni nini na alifika nacho wapi.

Orangerie tulikwenda siku iliyofuata, na sitaiandika sana. Vyumba viwili vya mviringo wa yai, picha nane, kila moja urefu wa kwenda juu karibu mita mbili, ukiziunganisha zinapita mita 90. Monet aliahidi zawadi kwa taifa siku moja baada ya vita kusimama Novemba 1918, akazishikilia akizirekebisha mpaka anakufa, na zilifunguliwa kwa umma Mei 1927, yeye hayupo. Mama alikaa kwenye benchi katikati karibu saa nzima na macho yote mawili wazi. Mtaa wa Tatu, hapo ndipo pa kwenda Desemba, mradi isiwe Jumanne. Marmottan nayo isiwe Jumatatu.

#9 Kalamu Nyeusi

Nimesoma mara mbili. Sikwenda Marmottan. Niliishia Giverny nikakasirika nikaondoka.

Nilikuwa na siku mbili zaidi Paris, na nilizitumia madukani. Hilo sasa ndilo linaloniuma, si zile nakala. Naanza kudunduliza tena. Safari hii nitaanzia bwawani Septemba, nimalizie kwenye yale madaraja mekundu. Mleta uzi, asante kwa kunijibu kwa upole.

#10 Mtaa wa Tatu

Shukrani sana. Orangerie nimeikatia tikiti. Mama anaendeleaje?

#11 Msafiri Mdogo (mleta uzi)

Mrejesho, wakuu.

Mama alirudi nyumbani mwisho wa Agosti. Hakusema neno juu ya jicho mpaka siku ya kuagana, pale pale uwanja wa ndege, akaniambia nimpigie simu mdogo wangu aulize tarehe za kliniki. Alifanyiwa wiki mbili zilizopita. Tabibu, alikuulizia kwa jina unalotumia hapa. Alitaka yule muuguzi ajue.

Jana tuliongea kwa video. Alikuwa ameshika kadi niliyomnunulia Giverny, ile ya daraja. Nikamwona anafunika jicho moja, anahamisha, anafunika jingine, anahamisha. Nikamuuliza: je?

Akasema, "Sasa yanasema kitu kimoja."